Kabla ya Mvua ya Kwanza

Huko Japani, maua ya sakura yanapokaribia kufunguka, redio na televisheni hutangaza siku yatakapochanua, mji kwa mji, kuanzia kusini kwenda kaskazini. Watu hulisikiliza tangazo hilo kwa makini, wakaomba ruhusa kazini, wakafungasha chakula, wakaenda kukaa chini ya miti pamoja na watoto wao. Leo nami nimekuja na tangazo la namna hiyo. Miyombo imeanza kutoa majani. Ukishika barabara ya Liwale kutoka Nangurukuru, au ukiendelea na lami ya Lindi kuelekea mto Mbwemkuru, utaona msitu umebadilika rangi: mwekundu hapa, wa shaba pale, na katikati yake manjano ya mninga. Ndiyo habari yangu ya leo. Nataka watu wa Kilwa, watu wa Lindi, na kila mwenye nauli ya kufika huku, watoke wakaione kwa miguu.

Najua kuna atakayeuliza: Oktoba, ndugu mtangazaji? Oktoba hii ya vumbi, visima vimeshuka, nyasi zimekauka au zimeungua, mbuzi wenyewe wanatafuta kivuli? Ndiyo, Oktoba hii hii. Mkoa wetu una mpangilio wake. Dar es Salaam na Tanga wana vuli na masika, mvua mara mbili kwa mwaka. Sisi, Mamlaka ya Hali ya Hewa inatuweka katika eneo la mvua za msimu, zinazoanza Novemba na kumalizika Aprili, na kuna miaka ambayo mtu wa huku pwani huimaliza Novemba nzima akitazama mawingu tu. Kwa hiyo ardhi ina miezi mingi haijapata maji ya kusema yamefika kwenye mizizi. Na bado miti inachipua. Haikuingoja mvua. Ndivyo ulivyo msitu wa miyombo popote ulipo, kuanzia kusini na magharibi mwa nchi yetu, ukaenda Msumbiji, Zambia, mpaka Angola.

Siri yake iko chini. Mizizi ya miyombo huenda mbali sana ardhini kufuata unyevu uliobaki kutoka mvua za msimu uliopita, na shina nalo limejiwekea akiba. Joto linapopanda, mwezi wa tisa na wa kumi, mti unaitoa akiba hiyo na kuchipua. Jani changa hutoka jekundu, na wataalamu wa mimea wanaeleza kuwa rangi ile hulikinga na jua kali na wadudu wakati bado ni laini. Baada ya wiki mbili tatu linaingia shaba, kisha kijani kibichi kinachong'aa. Mvua ya kwanza ikianguka, jani limeshakomaa na liko tayari kazini. Mti ulioanza kujiandaa siku ya mvua ungekuwa umechelewa.

Ukitaka kuona uzuri wake sawasawa, simama upande ambao jua la asubuhi linakujia usoni, kisha shika tawi moja la chini. Majani ya siku chache yananing'inia, yamelegea, hayajapata nguvu ya kujinyoosha. Jua likipita ndani yake unaona mshipa mmoja mmoja, na wekundu wake unakuwa wa damu ya mzee. Ukiyagusa ni laini na ya ubaridi kidogo, hata kama mchanga unaokanyaga umeshaanza kuchoma. Kaa hapo dakika chache. Usiondoke haraka.

Mninga unachanua bila kungoja majani. Unauona kwa mbali, mti mzima wa manjano ya kuiva, na ukiukaribia unasikia nyuki kabla ya kuwaona. Maua yake yakidondoka hutandika chini, na mtu anayepita asubuhi na mapema hukuta njia imefunikwa. Mpingo hauna majivuno ya aina hiyo. Ni mti mfupi, uliopinda, wenye miiba, na mgeni anaweza kupita mingi bila kuigeukia. Maua yake ni madogo, meupe, yana harufu tamu, na kwa kawaida huja mvua zikikaribia au zikishaanza. Mti huo huo ndio unaotoa mbao nyeusi za klarineti na zumari za okestra kubwa za dunia, na unahitaji miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa. Kijiji cha Kikole, hapo Kilwa, kiliandika historia mwaka 2009 kwa kuvuna mpingo kutoka msitu wake chini ya cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, FSC. Fedha ilikwenda kijijini, na kamati ya maliasili ya kijiji ndiyo inayolinda msitu. Kwa hiyo ukienda kutembea kwenye misitu ya vijiji kama Kikole, pita kwanza ofisi ya mtendaji, sema shida yako, omba mtu wa kukuongoza, mlipe haki yake. Atakuonyesha mambo ambayo peke yako usingeyaona, na atajua tembo wamelala upande gani. Tembo wapo, na msimu huu wanatafuta maji kama sisi.

Mambo mengine ya kuzingatia ni machache. Anza alfajiri ukimaliza kuswali au ukimaliza chai, rudi kabla ya saa nne, halafu toka tena saa kumi alasiri. Beba maji mengi kuliko unavyodhani utakunywa. Vaa suruali ndefu, na ujifunze kuutambua upupu, yale maganda ya rangi ya kahawia yenye manyoya yanayomeremeta, yanayoning'inia kwenye mitambaa pembeni mwa njia. Upepo tu unatosha kukuletea. Ukikupata usijikune, wenyeji hujipaka majivu, na nimewaona wakitulia.

Sasa nitoke msituni niingie mashambani, maana mkoa huu bila korosho ni nusu ya mkoa. Mwezi wa sita mpaka wa tisa mkorosho ulikuwa na maua, mashada ya rangi ya waridi yenye harufu tamu, na mkulima akawa anapambana na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe unaochoma maua, akipuliza salfa alfajiri wakati umande uko juu ya majani. Anayepita shambani wakati huo anakutana na harufu mbili kwa pamoja, ya ua na ya salfa. Hivi sasa kazi hiyo imekwisha na mavuno yameanza. Mabibo yamening'inia mekundu na ya manjano, kila moja na korosho yake chini, na mvunaji hachumi: anangoja lianguke lenyewe, analiokota, anaisokota korosho mpaka inaachia, anaitia kwenye ndoo na kwenda kuianika. Bibo linabaki. Ukipewa, lile ukiwa umeinama mbele, maana maji yake yakidondokea nguo hayatoki tena. Ni tamu na linakaza koo. Mengine yatakamuliwa uraka.

Napenda kutembelea mashamba ya mikorosho wakati wa mavuno kuliko wakati mwingine wowote, na sababu kubwa ni watu. Familia nzima iko chini ya miti. Watoto wanajua kila mkorosho una tabia gani, upi unaanza kuangusha, upi una mabibo makali. Ukisalimia na kusema umekuja kutembea tu, mwanzoni watakutazama, wakidhani umetumwa na chama cha msingi au unapima ardhi. Wakiridhika kwamba huna lolote la kuuza wala la kuandika, utakaribishwa mkekani.

Nafika Kisiwani. Msimu huu wa maleleji, kusi imechoka na kaskazi haijashika, mlango wa bahari kati ya Kilwa Masoko na Kilwa Kisiwani unakuwa shwari, na mashua inavuka kwa muda mfupi. Wageni wengi huenda kwa ajili ya magofu, na wana haki: Msikiti Mkuu, Gereza, Makutani, na Husuni Kubwa ya Sultan al-Hasan bin Sulaiman, jumba la karne ya 14 lenye bwawa la pembe nane lililojengwa ukingoni mwa jabali, juu ya bahari. Kisiwani na kisiwa jirani cha Songo Mnara viliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981. Vikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na vikaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Lakini kinachoachwa katika ziara hizo za saa mbili ni bustani.

Kilwa ilikuwa mji wa bustani. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliusifu mji kwa uzuri wake na akaandika kwamba mvua huko ni nyingi. Miaka 174 baadaye, Julai 1505, ndipo zilipokuja meli za Wareno chini ya Francisco de Almeida, na katika msafara huo kulikuwa na Mjerumani, Hans Mayr, ambaye jina lake ndilo linalobebwa na maelezo ya safari ile. Maelezo hayo yanataja machungwa matamu, ndimu, mboga, vitunguu vidogo na majani ya kunukia, vyote vikipandwa katika bustani na kumwagiliwa maji ya visima. Yanataja mitambuu. Yanasema udongo ni mwekundu na nyasi ni za kijani. Huyo alikuwa mtu aliyetoka baharini, akatembea, akanusa. Na maelezo hayo hayo yanaendelea na kueleza jinsi mji ulivyoporwa. Kila ninapoyafikiria hunijia uchungu kwamba shahidi wetu mzuri wa bustani za Kilwa aliingia mjini pamoja na waliokuja kuuvunja.

Visima bado vipo. Tembea kutoka Gereza kwenda Husuni Kubwa bila haraka, uache njia ya wageni pale mwongozaji anapokubali, utapita kwenye minazi, mihogo, miembe ambayo embe zake bado ni changa, na nyua za miti zilizozunguka nyumba za watu. Ndani ya nyua hizo utaona mrehani. Utaona asumini. Jioni ya harusi wanawake huyachuma, wakafunga vikuba, wakavaa kifuani au nyweleni, na harufu yake inamfuata mvaaji mpaka mwisho wa barabara. Majani ya kunukia yaliyomvutia mgeni wa mwaka 1505 yana wajukuu wake hapo uani, na bado yanamwagiliwa kwa ndoo kutoka kisimani. Hakuna kibao kinachoyaeleza. Natamani TAWA, ambao ndio wasimamizi wa magofu sasa, pamoja na waongozaji wetu vijana, waziingize bustani hizi kwenye ziara, kwa idhini ya wenye nyumba na kwa malipo. Uingereza, tangu mwaka 1927, wenye bustani nzuri majumbani hufungua malango yao siku maalumu, mgeni analipa kiingilio kidogo, na fedha inakwenda kusaidia wauguzi na wagonjwa. Mama wa Kisiwani mwenye mrehani na asumini zake ana cha kuonyesha kuliko wengi wao.

Na mbuyu. Kisiwani na Songo Mnara mibuyu imeota katikati ya kuta za kale, mingine imekuwa minene kuliko vyumba ilivyovivamia. Kuanzia mwezi huu mpaka Desemba inachanua, na ua lake si la kutazamwa mchana. Kaa karibu jua likizama. Kitumba kimening'inia kwenye kikonyo kirefu, cha kijani, kizito. Giza likianza kuingia, ganda lake linapasuka, na petali tano nyeupe zinakunjuka kwa haraka hata jicho linaona zikienda, mpaka linajitokeza tufe la nyuzi nyingi nyeupe. Harufu yake ni nzito, si ya kupendeza, kwa sababu haikuwekwa kwa ajili yetu: popo ndio walioalikwa, na komba, na hao ndio wanaobeba chavua kutoka mti mmoja kwenda mwingine. Kesho yake ua limeanza kuwa la kahawia, na halikawii kuanguka. Mti wa miaka mamia na ua la usiku mmoja. Nimeona watu wazima waliozaliwa chini ya mibuyu wakiliokota ua hilo asubuhi na kuniambia hawajawahi kuliona likifunguka.

Hilo ndilo linalonifanya niseme leo. Kwa nini hatutembei? Nimesikia jibu la haraka kwamba kutembea porini kwa raha ni mambo ya Wazungu. Silikubali, lakini nalielewa linakotoka. Tazama njia za nchi hii zilivyotumika. Karne ya 19, Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kuu ya watumwa katika pwani yetu, na njia iliyotoka Ziwa Nyasa mpaka pale ilitembewa na watu waliofungwa, pembe za ndovu mabegani. Wengine walitumwa msituni kutafuta sandarusi na utomvu wa mpira wa mitambaa ya mwituni. Wakaja Wajerumani na mashamba ya pamba ya kulazimishwa, na Julai 1905, Nandete, kwenye milima ya Matumbi, watu waling'oa pamba hiyo na vita ya Maji Maji ikaanza. Wengi walikuwa wamekwenda kwa miguu mpaka Ngarambe kwa mganga Kinjeketile kutafuta dawa. Kilwa Kivinje hapo bado pana mahali panapoitwa Mwembe Kinyonga, na jina linatokana na watu walionyongwa hapo. Kisha, kati ya 1909 na 1913, wasomi kutoka Berlin walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, na zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zikabebwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku nne, mpaka bandari ya Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa mtu wa huku, Boheti bin Amrani, na leo mifupa hiyo imesimama katika makumbusho ya Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu.

Miguu ya watu wa kusini imetembea sana nchi hii, na mara nyingi imetembea na mzigo wa mtu mwingine. Ndiyo maana ninaposema twende tukatembee mikono mitupu, tukaangalie majani, nasema kwa moyo wote. Nchi ambayo babu aliipita amefungwa, mjukuu anayo haki ya kuipita akiimba. Raha hiyo hatuazimi kwa mtu. Ni yetu, na imecheleweshwa.

Wala haikukatika kabisa. Wanawake wameitunza. Mwaka huu nilikutana na bibi mmoja upande wa Pande, amerudi porini na wenzake na kapu la ming'oko. Msikilizaji wa mbali, ming'oko ni viazi vya mwituni, vyembamba, vya ngozi ya kahawia, watu wa Lindi na Mtwara tunavichemsha na kuvila kwa chumvi na pilipili, na vinauzwa stendi zote za kusini. Nikamwambia, shikamoo bibi, pole na kazi. "Marahaba mjukuu wangu," akasema, "kazi gani? Mimi nyumbani ndio kuna kazi. Huku nimekuja kupumua." Akanionyesha jinsi anavyoutambua mtambaa uliokauka kwenye nyasi, uzi tu ambao mimi ningeukanyaga, jinsi anavyochimba pembeni bila kukata, na jinsi anavyokifukia tena kichwa cha mzizi ili mwakani akute kingine. Wote watatu waliokuwa naye walikuwa wamechomeka maua ya mninga kwenye vilemba. Hakuna aliyewatuma.

Nina neno fupi kuhusu upande wa Lindi mjini. Ukielekea magharibi unafika Lutamba, kwenye ziwa dogo lenye msitu wa Litipo kando yake, halafu ardhi inapanda mpaka uwanda wa Rondo, zaidi ya mita 800 juu ya bahari. Kule asubuhi kuna ukungu na ubaridi hata mwezi huu. Mivule mikubwa ya Rondo ilikatwa sana enzi za Mwingereza, lakini msitu wa hifadhi uliobaki ndio makao ya komba wa Rondo, mnyama wa usiku wa gramu 60 hivi, aliyepewa jina la mahali hapo na anayepatikana Tanzania tu. Anayetaka kutembea huko aombe kibali kwa watu wa misitu, TFS, na alale huko usiku mmoja, maana komba haonekani mchana.

Mvua zikishuka mambo yanabadilika. Desemba na Januari uyoga unaota chini ya miyombo, na akina mama wanaupanga kwenye sinia kando ya barabara. Usichume mwenyewe kama hujafundishwa, nunua kwao. Machi na Aprili ufuta unachanua, na hapo mashamba ya Kilwa, Ruangwa na Nachingwea yanapendeza kwa namna nyingine: mmea umesimama wima, vikengele vyeupe vyenye kuingia zambarau vinafunguka kuanzia chini kwenda juu, na nyuki hawatoki. Miezi hiyo hiyo mbayuwayu waliokuwa nasi tangu huu mwezi wa Oktoba wanaondoka kwenda Ulaya, kufuata majira ya machipuko ya huko. Ningewashauri watu kwenda mashambani wakati huo pia, ila kwa tahadhari kubwa. Mito yetu hujaa ghafla. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani hii, barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, na magari yakakwama siku nyingi. Matembezi ya msimu wa mvua yafanyike karibu na nyumbani, na mtu asivuke maji asiyoyajua kina chake. Oktoba haina hatari hiyo.

Oktoba ina hatari yake, nayo inatoka mikononi mwetu. Ni moto. Kila siku ninayopita barabara ya Nangurukuru naona moshi mahali. Mwindaji anawasha ili aone panya, mrina asali anaacha kijinga, mwenye shamba anachoma mabua bila kukata njia ya kuzuia, upepo unabeba. Moto kichaa wa mwezi huu ni tofauti na ule wa Juni. Vijiji vinavyotunza misitu vimejifunza kuchoma mapema, nyasi zikiwa bado na ubichi, moto ukapita chini kwa upole na kufa wenyewe jioni. Moto wa Oktoba unapanda. Unayakuta majani mekundu ya wiki moja, ambayo mti umeyatoa kwa akiba yake ya mwisho, na unayababua yote kwa alasiri moja. Mti mkubwa utajaribu tena. Mche wa mpingo wa miaka mitatu mara nyingi huanza upya kutoka mzizini, na mwakani ukiunguzwa tena unaanza upya tena, ndipo unakuta msitu una mipingo mizee na haina watoto. Nawaomba wenzangu, hasa wawindaji na warina asali, ambao wanaujua msitu kuliko mimi: msiwashe mwezi huu. Aliyeona moto apige simu kwa mwenyekiti wa kijiji mara moja, asingoje kesho.

Walimu wa shule za msingi na sekondari za wilaya zetu, mna nafasi ambayo wengine hatuna. Mtihani wa darasa la saba umeshapita, madarasa mengine yana nafasi ya kupumua kidogo. Watoeni watoto asubuhi moja. Hamhitaji basi wala bajeti. Vijiji vingi msitu uko nyuma ya uwanja wa mpira. Mwombeni mzee mmoja au mama mmoja anayejua miti awaongoze, watoto wajifunze miti kumi kwa majina, kila mmoja achore jani moja alilolishika mwenyewe. Mtoto wa Kilwa anayejua kuchora tufaha na hajui kuchora jani la mpingo tumemnyima kitu.

Na wewe uliyeko Dar es Salaam, Mtwara au Songea, usiseme utakuja mwakani. Kwa hesabu ya miti ninayoiona, wekundu huu utakuwepo wiki mbili, ukibahatika tatu. Baada ya hapo utakuta kijani, kizuri, lakini si hiki. Mabasi ya Lindi yanaondoka kila siku. Ukitokea Dar es Salaam, kula samaki wako Somanga, kisha mwambie kondakta akushushe Nangurukuru, lala Kivinje au Masoko, na alfajiri uwe njiani. Ukifika ukaona, tuandikie au tupigie hapa studio utueleze ni mti gani ulioukuta umechanua na wapi, nami wiki ijayo nitayasoma majina ya vijiji hewani ili wengine wajue pa kwenda.